Kila nikijibu uongo wa chanjo inabidi nianze kwa kukubali, na hapo ndipo nafeli

Mleta uzi:
Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu sitanuna.

Mimi kazi yangu ni kinga ya mwili. Sio dokta wa kukuandikia dawa, ni mtu wa maabara na takwimu, na kwa muda sasa nimekuwa mmoja wa wale wanaoitwa redioni na kwenye mijadala ya laivu kila ikizuka stori mpya ya chanjo. Nimechoka aisee. Na sichoki eti kwa sababu watu hawaelewi sayansi, hiyo ni kauli ya wavivu, wengi ninaobishana nao ni watu wenye akili zao na wanasoma kweli, tena usiku kucha. Nachoka kwa kitu kimoja ambacho wenzangu hawapendi kukisema: uongo wa chanjo unaouzika vizuri karibu wote umejengwa juu ya kipande cha ukweli, sasa mimi nikianza kujibu, kama sitaki kudanganya, lazima nianze na "ndiyo, hapo ni kweli, ila..." Na klipu inakatwa palepale kabla ya "ila". Kesho yake inazunguka kwenye magrupu: mtaalamu akiri.

Chukueni ile ya pepopunda. Mwaka 2014 Kenya maaskofu wa Kikatoliki waliipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa umri wa kuzaa, wakidai imetiwa hCG, yaani ile homoni ya ujauzito, ili wanawake wasizae. WHO na UNICEF wakakanusha. Sasa mtu ananibana laivu: "Jibu ndiyo au hapana, kuna utafiti uliowahi kufanyika wa chanjo ya kuzuia mimba iliyounganisha hCG na pepopunda?" Jibu ni ndiyo. Ulikuwepo, na WHO nao walikuwa na programu yao ya utafiti wa aina hiyo tangu miaka ya 1970, na mambo yalichapishwa kwenye majarida, hakuna aliyeficha. hCG peke yake kinga ya mwili haishtuki nayo kwa sababu ni kitu cha mwili wenyewe, kwa hiyo walikuwa wanakibebesha kipande chake kwenye protini kubwa ambayo kinga inaifahamu kama adui, na toksoidi ya pepopunda, ile sumu iliyokwisha kuzimwa makali, ni mbebaji mzuri sana. Mpaka leo kuna chanjo za uti wa mgongo zinatumia mbebaji huyohuyo na haimaanishi kitu. Chanjo ya pepopunda ya kawaida ni toksoidi bila huo mzigo. Na hata ile ya utafiti kinga yake ilikuwa inashuka usipochomwa tena, na mimba zinarudi. Ila nikifika hapo kwenye mzigo na mbebaji mtangazaji ameshaangalia saa.

Na kilichonifanya nijali hiyo chanjo hakisemwi kabisa. Pepopunda ya watoto wachanga inaingilia kwenye kitovu, mtoto anazaliwa mzima, siku chache baadaye anashindwa kunyonya, anakakamaa, anakufa. Makadirio ya WHO kwa mwaka 1988 ni vichanga 787,000. Mwaka mmoja huo. Mama akichanjwa, kingamwili zake zinampitia mtoto tumboni. Hizo ni sentensi ambazo ningepaswa kuanza nazo lakini swali halikuwa hilo, swali lilikuwa hCG.

Zebaki nayo hivyohivyo. Je kuna chanjo zina zebaki? Ndiyo, baadhi, hasa za chupa moja yenye dozi nyingi, zina kihifadhi kinaitwa thaiomesali, ndani yake kuna ethili-zebaki, kazi yake ni kuzuia bakteria wasiote humo maana sindano inaingizwa kwenye chupa ileile mara kadhaa. Sio ile methili-zebaki ya kwenye samaki inayong'ang'ania mwilini, hii nusu yake inakuwa imetoka kwenye damu ndani ya kama wiki moja. Marekani waliiondoa kwenye chanjo za kawaida za watoto kufikia 2001, kwa tahadhari tu, na idadi ya watoto wanaogundulika na usonji ikaendelea kupanda vilevile. Alafu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, ambayo ndiyo inayosingiziwa usonji kila siku, haijawahi kuwa na hicho kitu hata kidogo, ina virusi hai waliodhoofishwa na kihifadhi kingewaua. Haya, hesabuni maneno niliyotumia. Mwenzangu anasema "wanawachoma watoto zebaki" kisha anakunywa maji.

Kuna programa mmoja Mwitaliano, Alberto Brandolini, mwaka 2013 alisema nguvu ya kuukanusha upuuzi ni kubwa mara kumi kuliko ya kuuzalisha. Mara kumi! Mimi ningeshukuru ingeishia hapo.

Nimemaliza kulalamika kwa sasa. Karibuni.

Mpita Njia:
Nimeweka kiti mbele. Mleta uzi usikimbie tu

Bandubandu:
Mkuu umeandika vizuri ila umejimaliza mwenyewe. Yaani unakubali utafiti wa kuzuia mimba ulikuwepo, unakubali zebaki ipo, alafu unashangaa watu hawakuamini? Ngoja nikuongezee. CIA walitumia kampeni feki ya chanjo Pakistan kumtafuta Osama, hiyo sio nadharia ya njama hiyo ni habari iliyothibitishwa. Pfizer walijaribu dawa kwa watoto Kano, Nigeria. Tuskegee kule Marekani wale weusi waliachwa na kaswende miaka 40 wakiangaliwa tu. Sasa mtu akisema sitaki, wewe unakuja na protini mbebaji. Mnaomba imani wakati imani mmeivunja nyinyi. Jibu hilo bila kunizungusha.

Mleta uzi:
Sikuzungushi. Yote matatu ni kweli.

Pakistan, 2011, Abbottabad, walitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini B kwa matumaini ya kupata vinasaba vya familia ya bin Laden. Mwishoni mwa 2012 wahudumu wa polio wakaanza kupigwa risasi huko, wengi wao wanawake wanaopita nyumba kwa nyumba na kiboksi cha baridi begani. Chuki dhidi ya kampeni ya polio ilikuwepo kabla, lakini sasa mwenye bunduki alikuwa na kisingizio kilichothibitishwa na serikali yenyewe. Ikulu ya Marekani ikaja kuahidi 2014 kwamba CIA haitatumia tena programu za chanjo kama kifuniko. Ahadi nzuri, imechelewa.

Kano ni 1996, mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto 200 kwenye jaribio la Trovan, hiyo dawa ya Pfizer, 11 wakafa, watano waliopewa hiyo dawa na sita waliopewa dawa ya kulinganishia. Suala kubwa mahakamani lilikuwa ridhaa, wazazi walisema hawakuambiwa kwamba ni jaribio, na 2009 kampuni ikakubaliana na jimbo kwa dola milioni 75. Sasa angalia kilichofuata. 2003 majimbo ya kaskazini, Kano ikiwa mbele, yakasimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba inafunga uzazi na ina virusi vya ukimwi. Virusi vya polio vikatoka hapo vikasambaa nchi karibu 20. Waliorudisha imani sio sisi watu wa grafu, ilirudi 2004 baada ya kuzungumza na viongozi wa dini na kununua chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu. Kioevu ni kilekile mkuu. Kilichobadilika ni nani anakileta.

Kwa hiyo mtu wa Kano aliyekataa 2003 mimi simwiti mjinga, alikuwa na sababu kuliko mimi niliye maabara. Ninachobishana nacho ni ile hatua ya pili, kutoka "waliwahi kutuumiza" kwenda "kwa hiyo hii chupa ina homoni". Hiyo ya pili inapimika. Ya kwanza haipimiki, inaombewa radhi, na mimi sina mamlaka ya kuomba radhi kwa niaba ya CIA. Hapo ndipo ninapokwama hata nikiwa na data zote za dunia.

Kobe Mzee:
Vijana mnaongea tu. Mimi ni wa umri wa kuwa na kovu la ndui begani. Ndui mmeisikia kwenye vitabu. Nani anajua mtu wa mwisho kuugua ndui ya mtaani alikuwa nani

Mleta uzi:
Mzee shikamoo. Ali Maow Maalin, Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mpishi wa hospitali. Na kinachonifurahisha kwenye habari yake ni kwamba alikuwa anafanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Hakuwa na itikadi yoyote, aliogopa tu. Akapona, dunia ikatangazwa haina ndui Mei 1980, na ukubwani akajiunga na kampeni ya polio akawa anawasimulia wazazi waliokuwa wanasita yaliyompata yeye. Alifariki 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo.

Wale watafiti wenzangu wanaodhani kila anayekwepa chanjo ametekwa na mtandao, huyo hapo, mwaka 1977, intaneti iko wapi. Na kabla yake England mwaka 1802 walichora vikatuni watu wanaota ng'ombe mwilini baada ya kuchanjwa. Leicester 1885 watu waliandamana kwa maelfu kupinga sheria ya kulazimisha. Hii kitu ni ya zamani kuliko umeme majumbani.

Kobe Mzee:
Marahaba. Endelea

Sindano Haiumi:
Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, niwaambie tu ukweli wa huku chini. Wazazi wanaonijia hawaulizi DNA wala hCG. Wanauliza: atapata homa? Nimpe nini? Mbona dozi iliyopita paja lilivimba? Na wengine hawaulizi kitu, hawarudi tu, ukifuatilia unakuta siku ile walitukanwa na mhudumu mbele ya foleni kwa kusahau kadi. Hao kwenye takwimu zenu mnawaandika "wanaosita". Hawasiti, wamekasirika. Mleta uzi unapambana na wenye spika kubwa ambao hata hawaji kliniki.

Mleta uzi:
Hii komenti ningeweza kuifanya uzi mzima. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, Brendan Nyhan na wenzake, waliwapa wazazi aina nne za ujumbe kuhusu chanjo ya surua: maelezo kwamba haihusiani na usonji, maelezo ya hatari za ugonjwa, picha za watoto wagonjwa, na simulizi ya mtoto aliyenusurika kufa. Hakuna hata mmoja ulioongeza nia ya kuchanja. Ule wa usonji ndio unachekesha kwa uchungu: wazazi waliusoma, wakakubali kwamba chanjo haisababishi usonji, na wale waliokuwa wanasita zaidi nia yao ya kuchanja ikashuka. Yaani nimekushinda kwenye hoja na nimekupoteza wewe.

Tangu niusome huo siwezi tena kwenda laivu nikiwa na amani. Najua ninachofanya pale ni mchezo wa kuonekana nimejibu, na muuguzi mmoja asiyemkaripia mtu anafanya zaidi yangu.

Bandubandu:
Usitoroke kwenye huruma mkuu. Swali la namba. Kipindi cha korona hospitali zilikuwa zinasema wagonjwa wengi waliolazwa wamechanjwa. Ilitokea Israel 2021, UK pia. Wengi waliolazwa WAMECHANJWA. Chanjo gani hiyo

Mleta uzi:
Hili swali nalipenda kwa sababu namba yake ni ya kweli na maana yake ni kinyume. Tufanye una watu 1000. Waliochanjwa 900, ambao hawajachanjwa 100. Tuseme kati ya wasiochanjwa 10 wamelazwa, na kati ya waliochanjwa 18. Ukiingia wodini unakuta wagonjwa 28 na 18 kati yao wamechanjwa, wengi kabisa, unatoka unapiga picha. Lakini upande mmoja ni 10 katika 100, upande wa pili ni 2 katika 100. Hatari imeshuka mara tano. Na kadiri watu wanavyochanjwa wengi zaidi, ndivyo wodi itakavyojaa waliochanjwa, wakifika wote basi wagonjwa wote watakuwa wamechanjwa. Alafu ongeza kwamba waliokimbilia kuchanjwa kwanza walikuwa wazee, ambao wanalazwa zaidi kwa kila kitu, ndio maana Israel namba zilionekana mbaya mpaka walipotenganisha umri.

Namba hizo ni za kufundishia, sio za nchi yoyote.

Nimelieleza hilo laivu. Mwenzangu akajibu, "Kwa hiyo unakubali wengi wamechanjwa." Nilitamani kutoka nje.

Mpita Njia:
😂😂 kwa hiyo unakubali

mama_pacha:
Mimi nisiwe mnafiki, hofu yangu ni ile orodha ya Marekani ya madhara, VAERS sijui. Niliona klipu wanaonyesha vifo maelfu kwa maelfu na ni tovuti ya serikali yenyewe. Sasa hapo mtu unasemaje?

Mleta uzi:
Dada yangu una haki ya kushtuka, ile namba nayo ipo kweli na tovuti ni ya kwao kweli. VAERS ilianzishwa 1990 na mtu yeyote anaweza kuandika ripoti humo, daktari, mzazi, wakili, yeyote, kuhusu chochote kilichotokea BAADA ya chanjo. Sio KWA SABABU ya chanjo. Kuna daktari wa ganzi Marekani aliwahi kuripoti kwamba chanjo ya mafua imemgeuza kuwa lile jitu la kijani la kwenye katuni, na ikapokelewa, baadaye ndio wakampigia kumuuliza. Alifanya makusudi kuonyesha mlango uko wazi kiasi gani.

Na mlango uko wazi kwa sababu nzuri. Ni sehemu ya kunusa moshi. Mwaka 1998 Marekani waliidhinisha chanjo ya rotavirusi iitwayo RotaShield, zile ripoti zikaanza kuonyesha watoto wanaopata tatizo la utumbo kujikunja na kuingia ndani ya utumbo, wakachunguza, wakakuta ni kweli, kama mtoto mmoja kwa kila 10,000 hivi, na Oktoba 1999 ikatolewa sokoni. Mwaka mmoja na kidogo tu. Kugundua kitu cha moja kwa elfu kumi sio mchezo. Mimi nikiwaza mfumo huo natulia, ila naelewa kabisa kwamba wewe ukisikia "chanjo ilitolewa sokoni kwa kuumiza watoto" hutulii. Ni tukio moja, mimi na wewe tunatoka nalo na hisia mbili tofauti, na sijui nikupeje ya kwangu.

Bandubandu:
Sasa hapo si ndio umekubali zinaumiza? Na mlikuwa mnatuambia salama asilimia mia

Mleta uzi:
Na hapa nakuunga mkono bila "ila".

Ile kauli ya "salama asilimia mia" ndiyo inayonikera kuliko klipu zote za njama, na wanaoisema ni watu wa upande wangu. Hakuna kitu cha hivyo. Mwaka 1955 Marekani maabara ya Cutter ilitoa chanjo ya polio ambayo virusi vyake havikuuawa sawasawa, watoto wapatao 200 wakapooza na 10 wakafa. Chanjo ya mafua ya nguruwe ya 2009 iitwayo Pandemrix ilihusishwa na ugonjwa wa kusinzia ghafla, walianza kuuona Finland na Sweden. Za korona, AstraZeneca na damu kuganda kwa namna ya ajabu, ni nadra ila ipo, na za mRNA, kama ya Pfizer na ya Moderna, kuvimba misuli ya moyo hasa kwa vijana wa kiume. Haya yote yamegunduliwa na madaktari na watafiti, yakachapishwa hadharani. Alafu msemaji anapanda jukwaani anasema asilimia mia kwa sababu anaogopa watu "watachanganyikiwa". Wakija kugundua wanachanganyikiwa kwelikweli, na hawamrudii yeye wanatufuata sisi.

Ufilipino ndio somo. Chanjo ya homa ya dengi, ile inayoenezwa na mbu, iitwayo Dengvaxia, ilipewa watoto zaidi ya 800,000, na Novemba 2017 watengenezaji wenyewe, Sanofi, wakatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi inaweza kumfanya augue vibaya zaidi akija kuipata. Hilo ni tatizo la kweli la chanjo moja. Lakini tazama imani kwa chanjo ZOTE: waliokubali kwa nguvu kwamba chanjo ni muhimu walikuwa asilimia 93 mwaka 2015, wakashuka hadi 32 mwaka 2018. 2019 wakapata mlipuko wa surua. Surua na dengi wapi na wapi.

Sindano Haiumi:
Samoa pia mkuu

Mleta uzi:
Samoa ndiyo inayonikosesha usingizi. Julai 2018 watoto wawili walichomwa chanjo ya surua wakafa papo kwa papo. Wazazi wanasema chanjo imeua, na kwa macho yao ndivyo ilivyokuwa. Ilikuja kuthibitika wauguzi waliuchanganya unga wa chanjo na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake badala ya maji, wakafungwa. Lakini serikali ilikuwa imesimamisha chanjo miezi mingi, wapinzani wa chanjo kutoka nje wakaingia na mabango yao, na waliochanjwa wakashuka hadi asilimia 31 kwa makadirio. Surua inahitaji asilimia 95 hivi, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 kwenye jamii isiyo na kinga. Mwisho wa 2019 surua ikaingia. Nchi ya watu kama laki mbili, wakaugua zaidi ya 5,700, wakafa 83, wengi watoto chini ya miaka mitano.

Ningekuwepo pale Agosti 2018 ningewaambia nini? "Subirini uchunguzi." Ndiyo jibu sahihi la kisayansi. Mwenye bango yeye alikuwa na jibu tayari.

Mpita Njia:
Mkuu kwanini usiite mdahalo mkubwa, wewe na hao wakubwa wa kupinga, masaa matatu, watu waamue wenyewe? Mkikataa inaonekana mnaogopa

Mleta uzi:
Aliyeombwa hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ni Peter Hotez, mtafiti wa chanjo wa Texas, Juni 2023. Joe Rogan, yule mtangazaji wa podikasti, aliweka dola 100,000 za kwenda kwenye hisani atakayoichagua Hotez akikubali kukaa mdahaloni na Robert Kennedy Mdogo, mpinzani maarufu wa chanjo. Hotez ni baba wa binti mwenye usonji, na ndiye aliyeshiriki kutengeneza chanjo ya korona ya Corbevax ambayo waliiachia bila hataza. Alikataa. Watu wakamfuata mpaka nyumbani kwake. Mimi namuunga mkono kukataa, na sio woga.

Mdahalo una sheria zake ambazo hazihusiani na ukweli. Kuna mbinu mwanasayansi Eugenie Scott aliipa jina miaka ya 1990, jina la Duane Gish aliyekuwa akipinga mageuzi ya viumbe jukwaani: unamwaga madai 20 ndani ya dakika tano, mwenzio akijibu matatu unasema hakujibu 17. Niliwahi kuketishwa studio na bwana mmoja anayeuza virutubisho, tumepewa dakika sawa. Alitaja alumini, vinasaba, Bill Gates, watoto kuzimia na mnyama fulani wa maabara, kwa pumzi moja. Nikachagua alumini. Nilieleza vizuri, nadhani, kwamba inatumika kuamsha kinga tangu miaka ya 1920 na 1930. Mtangazaji akahitimisha: "Basi wasikilizaji mmesikia pande zote mbili." Pande zote mbili za nini?

Na vitisho vipo, msione tunajiliza. Jarida la Nature 2021 liliwauliza wanasayansi 321 waliokuwa wanaongea na vyombo vya habari kuhusu korona, asilimia 15 walikuwa wametishiwa kuuawa. Mimi yangu ni matusi tu hadi sasa, nashukuru.

Nilichoamua ni hiki: laivu za kubishana nimeacha. Maswali ya mtu mmoja mmoja hata usiku wa manane nitajibu. Na nikiitwa redioni nataka niongee kabla ya uongo kutoka, sio baada, niwaambie wasikilizaji mapema "mtaonyeshwa tovuti ya serikali yenye vifo, hiki ndicho kilichomo". Wanasaikolojia wana utafiti wa kutosha kwamba mtu akionyeshwa mbinu kabla hajatapeliwa anaitambua haraka zaidi. Sio dawa ya kila kitu, ila angalau mimi ndiye ninayeanza.

mama_pacha:
Basi mimi niulize langu la kweli. Kwanini surua wachomwe miezi tisa? Mbona wengine wanasema nchi nyingine ni mwaka? Na wangu mmoja alipata vipele siku kadhaa baada ya kuchomwa nikadhani amepata surua yenyewe.

Mleta uzi:
Swali zuri. Mtoto anazaliwa na kingamwili za mama, na hizo zinaiua ile chanjo kabla haijamfundisha mtoto kitu, maana ina virusi hai waliodhoofishwa. Ukichoma mapema sana unapoteza dozi, ukichelewa sana mtoto anakaa bila kinga wakati za mama zimeisha. Kwa hiyo penye surua nyingi WHO wanapendekeza dozi ya kwanza miezi tisa, wanakubali kupoteza kidogo ili wawahi. Pasipo na surua nyingi wanasubiri miezi 12 kinga ishike vizuri. Ndio maana dozi ya pili, miezi 15 hadi 18, sio ya ziada, inawakamata wale ambao ya kwanza haikushika.

Vipele na homa kati ya siku ya 7 na ya 12 hivi vinajulikana, vinatokea kwa wachache, ni virusi dhaifu wanazaliana kidogo na kinga inafanya mazoezi, na hasambazi kwa wenzake. Kama homa ilikuwa kali au alipata degedege mwambie muuguzi kabla ya dozi ijayo, usinyamaze ukidhani watakuona msumbufu.

Sindano Haiumi:
Na akikukaripia niambie mimi 😅

Bandubandu:
Mimi sijashawishika na sitaki kudanganya. Ila huo utafiti wa usonji mnaousifia kila siku, wa wapi, watoto wangapi? Maana yule daktari Wakefield aliyehusisha chanjo ya surua na usonji mlimfungia

Mleta uzi:
Wakefield 1998, watoto 12, hakuwa na kundi la kulinganisha, na mwandishi Brian Deer akaja kufichua kwamba alikuwa analipwa na mawakili waliokuwa wanaandaa kesi dhidi ya watengenezaji. Jarida lililoichapisha, The Lancet, walichukua miaka 12 kuifuta makala yake, Februari 2010, na hiyo aibu ni yetu pia.

Wa Denmark ni 2019, watoto 657,461 waliozaliwa 1999 hadi 2010, waliogundulika na usonji 6,517, waliochanjwa hawakuwa na hatari zaidi ya wasiochanjwa. Waliangalia hadi wale wenye ndugu mwenye usonji, kwa sababu hoja ya "labda ni kwa watoto wachache wenye asili hiyo" ilikuwa imeshatolewa.

Bandubandu:
Tuma linki nisome mwenyewe

Mleta uzi:
Nakutumia inbox. Anza na sehemu ya mapungufu, wameandika wenyewe kwamba walitumia tarehe ya kugundulika na sio ya dalili kuanza. Najua utarudi nayo hiyo, na nikijibu nitaanza na ndiyo.